Mkia Kando ya Mkate

"Themisto, hivi huyu wako wa udongo ni mtu aliyeota farasi, au ni farasi aliyeota mtu?"

Swali hilo aliwahi kuulizwa na jirani yake Arkhipe, zamani, walipokuwa wakifagia pamoja ua wa Keironi. Siku ile Themisto alicheka, akamwambia shoga yake ashike ufagio na aache kumpotezea asubuhi. Leo alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya shuka iliyojaa vigae, swali likamrudia, na hakuona cha kuchekesha.

Kwenye shuka ile alikuwa Keironi, au kilichobaki kwake. Mganga wa mlima, mwalimu wa dawa za mizizi. Mbele alikuwa mtu kamili, kifua, mikono, tumbo, na miguu miwili ya mtu yenye vidole na kucha. Nyuma ya kiuno ndipo farasi alipoanzia, mgongo wa mviringo kama mtungi uliolazwa, na miguu miwili ya kwato. Alikuwa na kimo cha kufika nyonga ya mtu mzima. Watu wa Kerasa walizaliwa wakamkuta amekaa katika nyumba yake ndogo juu ya kiti cha jiwe, na babu zao vilevile.

Siku ya sadaka ya mavuno mlango wa nyumba ile huachwa wazi mpaka majivu ya madhabahu yapoe. Kesho yake asubuhi, yaani jana, Themisto alipokwenda kuufunga alikuta kiti kitupu. Vipande alivikuta nyuma ya nyumba, katika shimo wanamozika vyombo vya sadaka vilivyovunjika, maana kilichotolewa kwa Keironi hakivuki mawe ya mpaka, hata kikiwa kigae kisichofaa kulishia kuku. Vipande vyote vilikuwamo isipokuwa viwili: kichwa na mkia.

Kabla jua halijapanda, watumishi wa Euridamas walikuwa wameshaingia katika karakana ya Melita, mchoraji wa vyungu, wakatoka na mkia. Melita alifungwa ghalani. Kwa kosa kama hilo Kerasa haina adhabu mbili. Mwizi wa vitu vya uani husukumwa kutoka Jabali la Kunguru, na anayeonekana kuitupia maiti yake hata konzi la mchanga anamfuata. Baraza lilikuwa likae leo jua likielekea kutua. Lakini desturi inataka mshika ufunguo aseme kwanza, kilichopotea ni nini na kimepotea kwa mkono wa nani, na mshika ufunguo alikuwa Themisto, mjane wa Parmenoni.

Kwa hiyo alikuwa akitazama. Alikuwa na subira ya kutazama. Mumewe alikuwa akimtania kwamba anaweza kuiangalia supu mpaka ione haya.

Alitazama vile vigae na jambo moja likamkaa. Aliyevunja alipiga pigo moja, pengine mawili, ubavuni mwa farasi. Baada ya hapo hakuvunja tena. Na shimoni vipande havikuwa vimetupwa. Vikubwa vilikuwa chini, vidogo juu, na ile miguu miwili ya mtu ilikuwa imelazwa sambamba, vidole vikitazama juu. Mtu mwenye hasira hapangi hivyo. Hivyo hupangwa maiti.

Alifunika shuka, akaweka ufunguo begani, ule mrefu wa shaba uliopinda kama mguu wa mbuni, akateremka mjini.

*

Euridamas alikuwa mezani. Ndiye mkubwa wa baraza la watu watano, na ndiye aliyetoa ng'ombe wa sadaka mwaka huu. Kwa kushika dini hakuwa na mpinzani Kerasa nzima. Kwenye beseni la mawe ya mpaka watu wengine huchovya vidole wakapita. Yeye huosha mikono hadi viwikoni, mara tatu, na walio nyuma wangoje. Alipofiwa na mkewe hakukanyaga uani mpaka matanga yalipokwisha kabisa, na hata hapo alituma mtu kwanza kwa Themisto kuuliza kama inafaa. Themisto alimheshimu sana kwa jambo hilo.

Alimkaribisha kwa adabu, akamwambia mama akae, mkate wa shayiri ni wa leo na jibini ni la mbuzi wake mwenyewe. Themisto alisema ameshakula, amekuja kuuona mkia.

Euridamas alifungua kikapu kilichokuwa karibu na mguu wake, akautoa, akauweka mezani kati ya mkate na bakuli la zeituni.

"Huo hapo. Watu wangu waliutoa kwa yule mwanamke wa Thrakia. Ulikuwa chini ya matambara."

Kisha, kwa mkono uleule, akamega mkate.

Themisto alijikuta ameinuka nusu kwenye kigoda, kama mtu aliyeona mtoto akisogelea kisima. Hakujua kwa nini. Akakaa tena, akajiambia ni huzuni ya kuona kiungo cha Keironi mahali pa chakula.

Akauliza mkia umekuwa wapi tangu jana. Hapahapa kwangu, alijibu Euridamas akitafuna, mahali salama. Akauliza siku ya sadaka aliona nini. Hakuona kitu, alikuwa madhabahuni anakoroga majivu yapoe, kama inavyompasa mtoa ng'ombe, mgongo ameupa mlango. Yule Mthrakia alipita na mtungi, akaingia ndani, akatoka. Zaidi ya hapo asimsingizie mtu.

Nje ya dirisha lilisimama gari la ng'ombe, na juu yake kitu kikubwa kimefunikwa turubai. Hapakuwa na mtu Kerasa asiyejua ni nini. Ni Keironi wa shaba, mpya, ameagizwa kusini kwa mafundi wenye majina, na gharama zote ni za Euridamas. Huyo ana miguu minne ya farasi na kiwiliwili cha mtu kimechomoza pale ambapo shingo ingekuwa. Siku hizi ndivyo wanavyomtengeneza kila mahali. Euridamas alimleta mwaka jana mbele ya mkutano wa mji, na wazee wakamkatalia: kiti hakipewi mwingine maadamu mwenyewe ana kichwa chake. Avunjike mara ngapi, ataunganishwa, ili mradi uso upo.

"Ukishasema la kusema jioni," Euridamas alisema, "utaniachia ufunguo. Yule wa shaba ni mpana, itabidi mlango ung'olewe. Na mama, nakwambia kwa wema, umeubeba huo miaka mingi, pumzika."

"Sijasema nimechoka."

"Mjane asiye na mtoto wa kiume hashindani na baraza, Bi Themisto."

"Sishindani na mtu, bwana. Nimeubeba tu. Siku bega likichoka nitaulaza mwenyewe, na nitaulaza pale nilipounyanyulia."

Euridamas alitabasamu, akamsogezea mkia auchukue, alimradi jioni aurudishe. Themisto alitandika kitambaa safi kiganjani kwanza, ndipo akaupokea.

*

Kuhusu mbuzi, ilibidi aulize, maana nusu ya mji ilikuwa ikisema ni mbuzi. Biton mchungaji alilishia kundi lake karibu na mawe siku ile, na si siri kwamba mbuzi zake zimewahi kuingia uani zikala taji la maua kichwani mwa Keironi.

Alimkuta kwenye mteremko, ameegemea fimbo. Biton alisema amemngojea tangu asubuhi, na kama amekuja kuwafunga mbuzi basi aanze na yule dume mweupe, ni mhuni.

"Dume lako linajua kupanga vigae?" Themisto aliuliza.

"Hata kupanga foleni halijui."

Basi mbuzi wakatoka katika hesabu. Themisto akamuuliza juu ya watu. Biton alimwona Melita akiingia na mtungi na kutoka mikono mitupu. Alikaa sana? Alikaa kiasi. Sauti ya kitu kuvunjika? Hapana. Lakini hakubaki, Bwana Euridamas alimpigia kelele aondoe mbuzi, si adabu kunuka namna ile karibu na madhabahu.

"Na alikuwa sahihi, nanuka. Ila nilishangaa kidogo. Dume langu lilikuwa limeshapata joto zuri pale pembeni, limelala juu ya majivu. Majivu yalikuwa yamepoa hivyo. Na bwana mkubwa bado anakoroga tu, anakoroga, kama mke mpya anayeogopa uji usishike madonge."

"Melita alikuwa ameshaondoka?"

"Zamani. Nilimwona kwa mgongo, anateremka."

Themisto alimshukuru. Biton akamwomba, kama itawezekana, asimtaje barazani mbele ya Euridamas, kwa sababu malisho ya chini ni yake. Themisto hakumwahidi.

*

Ghala la shayiri lilikuwa na joto. Melita alikaa juu ya gunia, kifundo cha mguu kimefungwa kwenye nguzo. Mikono yake ilikuwa wazi mpaka mabegani, na chale za kwao zimepanda juu yake, mistari na kulungu wadogo wanaokimbia. Aliletwa Kerasa akiwa mtumwa, akajikomboa kwa kazi ya mikono, na tangu hapo hakuna aliyemfundisha kusema polepole.

"Umekuja kuniuliza kama nimevunja," alisema, "au umekuja kuniambia niseme nimevunja? Wa aina ya pili wameshapita watatu. Wa kwanza bado hajafika."

"Nimekuja kuuliza."

"Basi sikuvunja."

Themisto akaketi kwenye gunia la pili, akalaza ufunguo mapajani. Akamkumbusha kwamba sokoni, mbele za watu, alisema Keironi ni mbaya kama kigoda chenye ndevu.

"Nilisema. Hajapendeza. Masikio kama vipini vya chungu, na kile kiuno, mama, ukimpa mimba kile kiuno kitazaa pipa."

Mlinzi mlangoni alikohoa kuficha kicheko. Themisto alingoja mpaka amalize kukohoa.

"Sasa mtu mbaya hivyo, ulikaa ndani naye unafanya nini?"

Melita aliacha mizaha, akajisogeza kwenye gunia.

"Naangalia miguu yake," alisema. "Sisi wote tunamchora na kwato nne, hata mimi, ndivyo wanunuzi wanavyotaka. Ni rahisi. Unachora farasi, unamchomeka mtu juu, basi. Yule mzee aliyemfinyanga hakufanya rahisi. Alimsimamisha kwa miguu yake mwenyewe, na vidole vimekamata chini, halafu akampa farasi mzima ambebe nyuma. Na hajaanguka. Kila sadaka naingia namtazama, nikirudi najaribu kumchora, na kila nikimchora ananiangukia kwa nyuma. Ndiyo maana namtukana. Hujawahi kumtukana mtu aliyekushinda?"

Themisto alifungua kitambaa, akamwonyesha mkia.

Melita aliutazama, kisha akacheka mpaka kamba ikatingisha nguzo. Huo ni wa mlevi wangu, alisema. Anafinyanga mitungi ya divai yenye sura ya wale walevi wa porini, watu wenye masikio na mkia wa farasi, na mkia ndio kishikio. Ikipasuka tanurini anatupa nyuma ya karakana. Mama aende akaangalie, ipo mikia ya kujengea ukuta. Wangemwonyesha mkia huo jana angewaambia jana, lakini hakuna aliyemwonyesha. Waliutoa, wakaufunika, wakaondoka wakipiga kelele.

"Hawatakusadiki," Themisto alisema. "Watasema unajitetea. Sikiliza, mwanangu. Ukilia kidogo barazani, ukaomba radhi, wazee wawili watatu watalainika. Watakufukuza mjini. Utakuwa hai."

"Niombe radhi kwa lipi?"

"Kwa kuwa hai."

Melita alinyoosha mikono yake yote miwili mbele ya uso wa Themisto, kulungu na mistari.

"Nilipokuwa mtumwa, bibi yangu alinishonea mikono mirefu nifunike hizi, wageni wasione. Nikaikata. Akashona tena, nikakata tena, na fimbo nilikula. Sasa nimejikomboa, nina karakana, nina jina, ndiyo nijifunike leo? Mwambie Euridamas anisukume mwenyewe kwa mkono wake. Asitume watumishi. Nataka nimwone usoni akifanya."

Themisto aliinuka, akarudisha ufunguo begani. Mlangoni alimwambia mlinzi ampe mfungwa maji, tena ya baridi, na asimpe kwa kipande cha kibuyu kama anamnywesha ng'ombe.

*

Alipofika kwenye mawe ya mpaka aliinamia beseni anawe. Mkono wa kulia ulikuwa umeingia majini, wa kushoto ukiwa bado umeshika kitambaa chenye mkia, ndipo mkate ukamjia.

Alisimama hapo maji yakimchuruzika.

Euridamas, anayenawa hadi viwikoni ili tu akanyage nyasi za uani. Euridamas huyo aliletewa kiungo cha Keironi, na badala ya kukikimbiza kirudi ndani ya mawe, alikilaza usiku kucha nyumbani kwake kikapuni. Akakiweka kando ya zeituni. Akakishika, akamega mkate, asinawe. Kwa mtu mwingine ungesema ni uzembe. Lakini Euridamas hakuwa mtu mwingine. Mchaji kama yule angeweza kufanya vile kwa njia moja tu, awe anajua kabisa kwamba kile si kitu cha Keironi, ni kigae cha mtungi wa divai.

Na angelijuaje hilo, ila kwa kuwa wa kweli anajua ulipo?

Themisto aliingia ndani, akaufunua ubavu wa farasi kwenye shuka, akapima. Kisiki cha mkia kilikuwa kinene kama dole gumba na nusu, na udongo wake wa mlimani ulimetameta kama magamba ya samaki. Mkia wa mlevi ulikuwa mwembamba, laini kama sabuni. Haukushika popote. Hilo lingetosha kwa mtu anayetaka kusadiki, na barazani hawatakuwapo wengi wa namna hiyo.

Basi uko wapi wa kweli? Mkono uliolaza ile miguu sambamba usingethubutu kuvusha kitu kwenye mawe. Kilikuwa humuhumu. Nyumba ni chumba kimoja kitupu. Shimo alilimaliza mwenyewe mpaka udongo mgumu. Palibaki mahali pamoja uani ambapo hakuna anayechimba, kwa sababu ni mwiko kwa kila mtu isipokuwa mtoa ng'ombe wa mwaka huo.

Alitoka, akamwita Arkhipe kutoka upande wa pili wa njia, aje awe shahidi. Arkhipe alikuja na mikono yenye unga, akauliza shahidi wa nini. Themisto akamwambia anataka kuchimba majivu.

"Umerukwa na akili, shoga. Utapooza mkono."

"Nikipooza, utasema ulikuwepo."

Alisali kwanza, kwa ufupi na bila kupamba. Alimwambia Keironi kwamba kama anakosea, amwadhibu yeye na amwache yule wa ghalani. Kisha akatia jembe la mti. Majivu yalikuwa ya miaka na miaka, laini, yanazama. Arkhipe alikuwa amefunika macho kwa viganja vya unga, akichungulia katikati ya vidole. Jembe likagusa kitu chororo.

Ilikuwa sufu nyeupe, safi, ile ya kufungia sadaka, imezungushwa mara nyingi kama nepi ya mtoto mchanga. Ndani yake palikuwa na tawi la mzeituni, na mkia mnene unaometameta, na uso wa Keironi usio na ufa hata mmoja, masikio yake kama vipini vya chungu.

Arkhipe alishusha mikono.

"Nani amemfunga vizuri hivi?" alinong'ona.

"Mtu anayemwogopa," Themisto alisema. "Nenda uniletee shuka nyingine. Na usiongee njiani."

*

Baraza lilikaa ndani ya mawe, wazee watano kwenye benchi, watu wamesimama nyuma yao hadi barabarani. Gari lenye turubai lilikuwa limeshasogezwa hadi kwenye mpaka, ng'ombe wakicheua. Melita aliletwa mikono imefungwa, kichwa juu. Mtu mmoja akamwita mbwa wa Thrakia, naye akamuuliza mbona mtungi aliomkopa mbwa hajaurudisha. Watu wakacheka, na mzee Menekle, mwenye umri mkubwa kuliko wote barazani, akapiga fimbo chini.

Themisto alisimama mbele ya shuka mbili zilizofunikwa. Akaeleza kilichopotea. Kisha akauinua ule mkia mwembamba, akamgeukia Euridamas, akamwomba aseme mbele ya kiti cha Keironi kwamba huu ni mkia wake.

"Watu wangu waliukuta kwa mwanamke huyu," alisema Euridamas.

"Nimesikia. Ni wa Keironi?"

"Kila mtu anajua ni wa nani."

"Kila mtu hakuulizwa, bwana. Umeulizwa wewe, na wewe ndiye usiyeapa bure."

Euridamas hakuapa. Alisema mama anapoteza mchana, na kwamba akabidhi ufunguo. Mmoja wa wazee akaitikia, ndiyo, akabidhi. Themisto alihamisha ufunguo kutoka bega la kulia hadi la kushoto, pole pole, kila mtu akiona, akaendelea kusema kana kwamba hakuna aliyeongea. Akauliza mkia huu ulilala wapi. Ulilala kwa Euridamas. Ndani ya mawe au nje? Nje. Yeye Themisto alipofika kwake leo aliukuta umewekwa wapi? Akajibu mwenyewe: uliwekwa mezani, kando ya mkate, na mkono ulioushika ndio uliomega.

Wa kwanza kuelewa walikuwa wanawake wazee. Mnong'ono ulianzia kwao ukapita nyuma ya benchi kama upepo kwenye shayiri. Walimjua Euridamas. Walishasimama nyuma yake kwenye lile beseni, wakisubiri.

"Nilidhani umesahau dini," Themisto alisema. "Nikajilaumu kwa kukudhania hivyo. Hujasahau hata chembe."

Akaifunua shuka ya pili. Uso wa Keironi uliwatazama kutoka kwenye sufu yake. Hakuna aliyepiga kelele. Ila wanaume waliokuwa na kofia walizivua. Themisto akaeleza ulikokuwa, na Arkhipe akapaza sauti kwamba alikuwapo, aliona, na mkono wa shoga yake haujapooza, tazameni. Mkia mnene ukawekwa kwenye kisiki. Ukakaa kama kifuniko kwenye chungu chake.

Menekle aliuliza taratibu, majivu ya mwaka huu yalikorogwa na nani. Aliuliza tu kwa sababu lazima mtu aulize.

"Jambo moja limebaki," Themisto alisema. Aliunyanyua mkia wa kweli kwa mikono miwili, akamsogelea Euridamas, akasimama karibu naye. "Huu nao ni ushahidi. Uchukue, bwana. Vuka nao mawe, ukautunze kwako kikapuni mpaka kesho, kama ulivyoutunza ule mwingine. Ukifanya hivyo mimi nimekosea, nawe utapata na ufunguo."

Euridamas aliutazama mkia. Mikono yake ilianza kuinuka, ikafika usawa wa kiuno, ikakwama hapo.

"Chukua, Euridamas," alisema Menekle.

"Miji yote inatucheka," Euridamas alisema. Hakuwa akimwambia mtu hasa. "Wanapita hapa wanacheka. Mganga mkubwa wa mlima, ana miguu ya mchunga mbuzi. Nilitaka apate mwili unaomfaa. Uso sikuugusa."

"Najua," Themisto alisema. "Ndiyo maana nilijua pa kuutafuta."

"Na mimi?" Sauti ya Melita ilitoka nyuma. "Mimi ungenigusa, siyo? Nitazame. Uso huu hukuufungia sufu."

Hakumtazama. Mlinzi wa ghalani alikuwa ameshaanza kufungua kamba bila kuagizwa, na Melita akamwambia afanye haraka, gundi ya kumuunganishia yule mzee haijipiki yenyewe, na kuanzia leo asisikie mtu mwingine akimwita mbaya, hilo tusi ni la Melita peke yake.

Themisto alikuwa bado amenyoosha mikono, mkia juu yake. Euridamas alirudi nyuma hatua moja, akateremsha mikono yake mitupu, akageuka. Watu walimpisha, wakampisha kwa upana kuliko ilivyohitajika, kama anavyopishwa mtu anayetoka kwenye nyumba ya msiba kabla hajaoga. Akavuka mawe, akapita kando ya gari na turubai lake pasipo kugeuza kichwa, akateremka njia ya mjini.